Bandari Ambako Mama Hakupiga Simu

Mwezi uliopita darasa letu lilipelekwa visiwa vya Åland kwa meli, eti safari ya kujenga umoja, na umoja wenyewe ukawa ni kula chipsi sakafuni kwenye korido mpaka mwalimu akatufukuza. Nilipoinama kuokota zilizomwagika, zulia lilinipiga puani. Mafuta ya kukaangia, sabuni ya kusafishia, manukato ya kujaribu bure dukani, na chini ya yote hayo ule uvundo wa kitambaa ambacho hakijaona jua tangu kilipotandikwa. Rafiki yangu aliniuliza kama nataka kutapika. Nikamwambia hapana, nimekumbuka likizo. Akacheka, kwa sababu ananijua: likizo zangu zote amezikuta kwenye bwawa la kuogelea la manispaa, pamoja naye, tukipigiwa firimbi.

Lakini ilikuwepo moja. Nilikuwa darasa la nne, mdogo wangu Eliya bado anashikwa mkono kuvuka barabara, na sisi sote wanne tulikuwa tumepata paspoti za Kiswidi, bado zinanukia gundi. Papa hakuweza kuvumilia kuziona zimelala kabatini. (Najua, Wakenya wa kanisani hunicheka kwamba ninamwita baba yangu samaki mla watu. Kwetu Bukavu ndivyo tunavyosema, na yeye mwenyewe ni mpole, ni dereva wa basi.) Aliziangalia zile paspoti kila jioni kama mtu aliyenunua viatu vipya na mvua haikatiki. Mwishowe akapata tiketi za sista minuten, zile zinazouzwa bei ya kutupa kwa sababu meli inakaribia kuondoka na vyumba viko vitupu. Ilikuwa likizo ya vuli. Huku kwetu Vårby gård, pembeni mwa Stockholm, majani yalikuwa yameshaoza kwenye vijia, na sisi tukapanda ndege kwenda Italia kutafuta meli.

Meli ilikuwa ndogo na ya kizamani, na chumba chetu hakikuwa na dirisha. Badala yake walitundika pazia ukutani, ukilivuta unakutana na ukuta. Papa alisema ni heri, baharini kuna nini cha kuangalia. Bandari zilizokuwa kwenye ratiba hakuna hata moja niliyowahi kuisikia, na niliogopa nitawaambia nini wenzangu shuleni. Papa alikuwa na jibu. Barcelona kila mtu ameiona kwenye televisheni, alisema, sisi tunakwenda ambako hakuna mtu wa Vårby gård aliyewahi kukanyaga. Kitu kimoja tu kilimuudhi: hakuna aliyegonga muhuri. Kila bandari alishuka ameshika paspoti mkononi, na kila bandari askari alimpungia apite tu. Alijisikia kama mtu aliyevaa suti akakuta harusi imeahirishwa.

Mama alikuja na simu yake na chaja yake na onyo lake. Kila Jumapili baada ya ibada yeye hupiga simu Bukavu kwa wazazi wake, na Jumapili ingetukuta baharini, kwa hiyo asije mtu akamwambia habari za gharama. Simu hizo nilizijua kwa sababu na sisi tulipitishwa kusalimia. Babu alikuwa mgonjwa wa kifua siku nyingi. Alikuwa akikohoa kwanza, halafu anasema Mungu awabariki, halafu anakohoa tena. Bibi alikuwa mzima kabisa na alipiga kelele mpaka Mama anaweka simu mbali na sikio. Bibi aliamini Ulaya ni mbali sana, na sauti inachoka njiani.

Bandari ya kwanza baada ya kuondoka Italia ilikuwa Bastia, kwenye kisiwa cha Wafaransa. Majumba marefu yaliyobabuka rangi, nguo zimeanikwa mpaka ghorofa ya juu kabisa, kanisa lenye minara miwili likiangalia mashua. Mama alifurahi kusikia Kifaransa. Alisalimia kila mtu, wakiwemo wasiotaka kusalimiwa. Mimi nilikuwa nimepewa simu ya Papa nipige picha, na nilikuwa nampiga picha paka aliyelala juu ya nyavu simu ilipoanza kulia mkononi mwangu. Ilikuwa imeandika jina la Mjomba Bahati, kaka yake Mama anayeishi Norwe. Papa huwa hapokei simu nje ya nchi. Huiangalia ikilia kama anayemwangalia mwizi. Safari hii aliichukua, akasikiliza kidogo, akaenda nyuma ya gari jeupe la samaki, na aliporudi alikuwa akitembea polepole kama mtu aliyejitwika beseni la maji kichwani.

Mama aliuliza ni nani. Papa akasema ni watu wa kazini, wanataka kujua atarudi lini. Mimi nilikuwa nimeliona jina, lakini nikanyamaza. Uongo wa wazazi ni akiba. Unautunza vizuri, siku moja utakununulia kitu.

Mchana ule tuliambiwa tulale. Kitanda changu kilikuwa cha juu, na kutoka pale niliona kila kitu. Mama alipokwenda kuoga, Papa alichukua simu ya Mama, akafungua kifuniko cha nyuma, akatoa ile kadi ndogo ya laini, akaitia ndani ya soksi yake na kuvaa kiatu juu yake. Akaifunga simu na kuirudisha pale pale, hata waya wa chaja akaulaza jinsi ulivyokuwa. Halafu akaketi kitandani na kuinamisha kichwa, nikadhani anasali ili asigunduliwe.

Kesho yake Mama aliitikisa simu, akaipuliza, akaipiga kiganjani. Papa alimwambia kwa sauti ya mtaalamu kwamba hewa ya chumvi inaua simu, tena hasa za aina hiyo. Mama alikulia kando ya ziwa lisilo na chumvi, angebisha na nini. Alisema basi atatafuta kibanda cha simu. Papa akasema bila shaka, kwa nini isiwezekane, na tangu saa ile tukaanza kutembea.

Sijawahi kutembezwa vile. Kisiwani Carloforte abiria wengine waliketi kwenye mikahawa ya ufukweni kula tuna, sisi Papa akatutoa nje ya mji kabisa mpaka kwenye mabwawa ya zamani ya chumvi, mahali pasipo na nyumba, wala kibanda, wala nguzo ya simu. Palikuwa na flamingo. Papa hakujua lolote kuhusu flamingo, na hilo halikumzuia. Alitueleza kwamba wanasimama mguu mmoja ili mwingine upumzike, na mkuu wao hujulikana kwa goti, na yule wa pembeni aliyegeukia huko ni mchungaji wao, ndiyo maana wengine wamesinzia. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema huyu mtu amerogwa na bahari. Papa alimwangalia anavyocheka, akamwangalia muda mrefu, halafu akageuka kufunga kamba ya kiatu cha Eliya ambayo ilikuwa imeshafungwa. Nilidhani ni mapenzi. Na kwa kweli yalikuwa mapenzi pia.

Mabadiliko mengine niliyaona na kuyaweka akiba. Papa alibeba mkoba wa Mama barabarani, mbele za watu. Alikubali Mama aongoze njia, hata pale alipotupeleka kwenye jalala. Kwenye sala ya chakula alishukuru kwa muda mrefu mpaka supu inapoa, kisha hali. Asubuhi alikuwa akitoka kuoga na macho mekundu, nikamwambia hivyo ndivyo inavyokuwa ukitumia shampuu ya meli, na yeye akasema ni kweli, mwanangu, ni mbaya sana.

Mezani tulikuwa tumepangwa na mwalimu mstaafu wa Vällingby, jina lake Gunvor, aliyekuwa akisafiri peke yake na kamusi ya ndege wa kila aina. Yeye alitupenda tangu siku ya kwanza kwa sababu Eliya alimuuliza kama ana umri wa miaka mia. Gunvor aliposikia simu ya Mama imekufa, alifungua mkoba wake, akatoa yake na kumsogezea Mama, akamwambia kwa Kiswidi cha polepole apige tu nyumbani awasalimie wazee, asijali. Mkono wa Mama ulikuwa umeshafika nusu ya meza. Hapo Papa aliangusha bakuli zima la supu nyekundu ya biti juu ya simu, juu ya kitambaa, na juu ya ile kamusi ya ndege. Aliomba radhi mpaka wahudumu wakaona haya. Mimi nilikuwa nimemwona: hakuteleza, alilisukuma kwa kiwiko. Ndipo nilipojua kwamba jambo hili ni kubwa kuliko nilivyofikiri.

Jibu nililipata Port-Vendres. Huo ni mji mdogo wa Wafaransa karibu na Uhispania, kama mfuko wa shati: maji yameingia katikati, nyumba zimezunguka, na milima yenye mizabibu imesimama nyuma. Asubuhi meli ilipofunga kamba, Papa alisema anakwenda juu kunyoosha mgongo. Nikamfuata, nikajificha upande wa pili wa mashua ya kuokolea. Alikuwa anaongea na Mjomba Bahati, kwa sauti ya chini, akizibia simu kwa kiganja. Viti vichukuliwe vya kanisa, alisema, na vingine vikodishwe. Mama Furaha apike, wale wa kwaya wamsaidie. Magodoro yatandikwe sebuleni. Pasta aje uwanja wa ndege na gari lake yeye mwenyewe, asitume kijana. Na yeye Bahati na mkewe wawe wameshafika. Kisha akasema maneno ambayo naweza kuyarudia mpaka leo kama yalivyotoka.

"Asiambiwe na mtu yeyote. Afike nyumbani, akae chini, ale kwanza. Nimesema ale kwanza."

Sasa jiwekeni mahali pangu. Mama alikuwa anatimiza miaka arobaini wiki inayofuata. Darasani kwetu mtu akitimiza miaka, kwao wanajificha nyuma ya sofa, taa zinazimwa, anaingia, wote wanaruka. Mimi nilikuwa nimeshajificha nyuma ya masofa ya Waswidi wengi, na kila mara nilijiuliza kwa nini kwetu hatufanyi. Na ninyi mliokulia kwenye nyumba kama yetu mnajua kwamba vyombo ni vilevile. Harusi, ubatizo, mtu kapata kibali cha kuishi, mtu kafariki: ni viti vile vile vya plastiki, sufuria zile zile za Mama Furaha, gari lile lile la Pasta, na watoto wanafungiwa chumbani na katuni na sahani ya maandazi. Mtoto anajuaje tofauti? Wenye kulala sebuleni ni wageni wa mbali, nikawaza. Nilishuka ngazi nikiwa nimejaa furaha. Papa wangu, ambaye siku ya kuzaliwa kwangu alikuwa amenipa mwavuli, alikuwa anaandaa kalas, sherehe ya kuzaliwa ya Kiswidi kabisa.

Kuanzia hapo nikawa mshirika wake bila yeye kujua. Mama aliposimama Port-Vendres kuuliza kibanda cha simu kwa wauza samaki, nililalamika miguu inauma. Alipoonyeshwa, nilisema nataka kwenda haja. Tukapandishwa mlimani kwenye mizabibu iliyokwisha kuvunwa, upepo unatusukuma kama polisi, na Papa akinishukuru kwa macho bila kujua anashukuru nini. Jioni nilichora kadi nyuma ya menyu: Mama amevaa taji, amepanda flamingo.

Jumapili ilitukuta Sète. Huo ni mji mwingine wa Wafaransa, mifereji imepita katikati ya mitaa, mashua za kuvulia zimefungwa mlangoni mwa watu kama baiskeli. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Papa alikuwa amechangamka, aliona tumebakiza mji huo mmoja tu. Alitaka kutupandisha kilima kirefu kuliko vyote, lakini Eliya alianza kujibana miguu na kurukaruka. Papa alimwangalia Eliya, akamwangalia Mama, akaangalia mtaa mzima juu na chini. Hakuona kitu. Akamchukua Eliya kumtafutia choo, akatuambia tusiondoke pale darajani, tusiondoke kabisa.

Alipopinda kona, Mama alinishika mkono tukavuka. Yeye alikuwa ameshakiona tangu zamani. Kilikuwa kiduka chembamba katikati ya maduka mawili yaliyofungwa, dirisha lote limebandikwa bendera za Afrika na matangazo ya kadi za simu, na ndani mtu amekaa nyuma ya kioo anakula ndizi. Kulikuwa na vibanda vya mbao vyenye simu. Kwenye dirisha, kati ya bendera, na yetu ilikuwepo.

"Dakika mbili," Mama alisema. "Nawasalimia tu, wasije wakafikiri nimezama."

Niliona kila kitu kinaharibika. Bibi na kelele zake angemwambia kila kitu kabla hata ya habari gani. Nikamvuta nyuma.

"Mama, usipige. Utaharibu."

"Nitaharibu nini?"

Nilijaribu kutosema. Niseme ukweli, sikujaribu sana. Akiba nilikuwa nayo nyingi na hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Nikamwapisha kwanza asimwambie Papa. Halafu nikamwaga. Kwamba tukifika nyumbani kutakuwa na watu wengi sana. Kwamba viti vimekodishwa. Mama Furaha anapika, kwaya inamsaidia, magodoro yametandikwa sebuleni. Kwamba Mjomba Bahati anatoka Norwe, na mkewe. Pasta mwenyewe anakuja uwanja wa ndege. Kwamba asiambiwe na mtu yeyote mpaka akae chini na ale kwanza. Niliyasema yote huku naruka kidogo, na mwishoni nikamwambia ajifanye ameshtuka.

Mama alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Aliendelea kukishika. Yule mtu wa ndani aliacha ndizi yake akatupungia tuingie.

"Bahati anakuja na mke wake," Mama alisema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo."

"Papa yako alipigiwa lini?"

"Kule kwa paka. Mji wa kwanza."

Aliachia kitasa. Alimwambia yule mtu kwa Kifaransa, kupitia kioo, aksanti, siku nyingine. Tukarudi darajani. Palikuwa na benchi la mbao, zuri, halina mtu, lakini Mama alikaa chini kabisa, kwenye mawe ya ukingo, na nguo yake nzuri ya Jumapili. Akavua hereni moja, akavua ya pili, akazitia mkobani. Nikamuuliza kama zinamuuma masikio. Akasema ndiyo, zinauma kidogo. Nikakaa karibu naye. Alinishika kichwa, akakilaza mapajani mwake, tukaangalia maji ya mfereji. Nilifurahi. Mama hakai chini ovyo.

Halafu akasema, "Usimwambie Papa kwamba umeniambia."

"Na wewe usimwambie."

"Sitamwambia."

Papa alirudi anahema, kamburuta Eliya, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kile kiduka ng'ambo. Sasa alikuwa amekiona. Aligeuka kijivu. Mama akamwambia ananusa kitu kizuri, hivi hakuna mwenye njaa hapa? Pembeni kulikuwa na mama anauza vile vimkate vya duara vya mji ule, vyenye rangi ya chungwa, ndani pweza na nyanya. Mama alikula kimoja chote. Akachukua nusu ya Papa, akala na hiyo. Papa alikaa akimwangalia anavyotafuna, na rangi ikarudi usoni mwake polepole. Kilima hatukukipanda tena.

Chakula cha mwisho melini watu walitakiwa kupendeza. Mama alikuwa amekuja na gauni jekundu lililotuchosha kwa kusimuliwa tangu Stockholm. Alivaa jeusi. Gunvor, ambaye kamusi yake ilikuwa imebaki na doa la waridi milele, alimwambia anafanana na malkia. Mimi nilimkonyeza Mama kila Papa alipogeuka, na yeye aliniitikia kwa nyusi. Papa aliongea sana usiku ule, habari za mabasi, na Mama alicheka kila palipotakiwa. Watu watatu kwenye meza moja, kila mmoja analinda siri, na Eliya anakula siagi kwa kijiko.

Kwenye ndege Mama aliomba kukaa dirishani. Alifunika kichwa kwa kitenge akasema analala.

Pasta alitupokea uwanja wa ndege wa Arlanda mwenyewe kama ilivyoagizwa, akamshika Mama mkono kwa mikono yake miwili, akamuuliza safari ilikuwaje. Mama akamsimulia flamingo. Njia nzima hakuuliza kwa nini Pasta amekuja, kwa nini amevaa koti la Jumapili siku ya kazi, kwa nini redio ya gari imezimwa. Tulipokaribia kwetu aliniinamia sikioni.

"Tukifika, usipige kelele. Mshike Eliya mkono, muingie nyuma yangu."

Nikajua anataka kuifaidi vizuri.

Viatu vilianzia ngazini. Vilikuwa vingi mpaka jirani yetu alikuwa ameviruka kuingia kwake. Mlango ulikuwa wazi, harufu ya sombe, kisamvu chetu, na ya samaki mkavu inatoka, na ndani watu wamejaa, kina mama chini kwenye magodoro, wanaume kwenye viti, hakuna aliyekuwa nyuma ya sofa. Sofa lenyewe lilikuwa limetolewa. Taa zote zinawaka. Nilikuwa na kadi ndani ya koti, mkono umeshaigusa, na nakumbuka nilichofikiri: hawa watu hawajui jinsi kalas inavyofanywa, wamesahau kujificha.

Mama alikalishwa kwenye godoro kati ya Mama Furaha na mke wa Mjomba Bahati. Akaletewa sahani. Akala. Kila mtu aliangalia mkono wake ukienda mdomoni na kurudi, na Papa amesimama karibu na mlango wa jikoni, amejishika mikono kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Alipomaliza alinawa. Pasta akasogeza kiti.

"Mama Eliya," alisema, "Mungu amemchukua mama yetu."

Mama alimtazama.

"Mama?" alisema. "Ni Mama?"

Kisha akaanguka, na kina mama wakamdaka, na kilio kikapanda mpaka Eliya akaanza kulia naye bila kujua analia nini. Mimi nilibaki pale na mkono kwenye koti. Mwishowe mtu alituona akatupeleka chumbani, akatuwekea katuni, akatuletea sahani ya maandazi.

Sikumuuliza Mama kwa miaka mingi. Nilimuuliza mwaka juzi, siku moja ananisuka jikoni na sina pa kukimbilia. Nilitaka kujua kwa nini hakuingia kwenye kile kiduka. Alisuka mstari mzima kabla hajajibu.

"Ningeambiwa nimesimama, nimeshika simu ya watu, mji sijui hata jina lake. Papa yako alitaka niambiwe nimekaa. Alikuwa ameshaibeba habari ile tangu kule kwa paka. Ningemwangushia vipi?"

Nikamwambia lakini alijua. Akasema alijua kuna mtu, hakujua ni nani. Bahati kutoka na mkewe maana yake ni mmoja wa wazazi, basi. Pale darajani alijaribu kutofikiria yupi, kwa sababu kila alipomwondoa mmoja alihisi anamuua mwingine. Lakini kwenye ndege, chini ya kitenge, alishindwa. Babu alikuwa mgonjwa. Ilikuwa lazima iwe Babu. Akamlilia humo humo mpaka tukatua, akammaliza, akafika nyumbani ameshajipanga, anangoja tu Pasta aseme. Babu bado yuko, kwa taarifa yenu. Anakohoa, halafu anasema Mungu awabariki.

"Kwa hiyo sikujua," Mama alisema, akavuta nywele zangu kuliko ilivyohitajika. "Nilidhani najua."

Papa, yeye, ni mtu maarufu. Kila kunapotokea msiba katika watu wetu na mfiwa yuko safarini, wanaume wanamjia kuuliza alifanyaje. Mwezi uliopita, Jumapili ile ile niliyorudi kutoka Åland, walikuwa wamekaa sebuleni kwetu, na nikamsikia tena anaieleza ile wiki yote, laini ndani ya soksi, supu ya biti, mabwawa ya chumvi, mlima, choo cha Eliya. Bahari nzima, anasema, bandari baada ya bandari, na mwanamke hakushtuka hata mara moja. Alishtuka pale pale kwenye godoro, kati ya watu wake, kama inavyotakiwa. Wageni walitikisa vichwa kwa heshima. Mmoja wao, kijana, hakuamini, akamgeukia Mama aliyekuwa anapitisha chai.

"Kweli, Mama Eliya? Hukuhisi hata kidogo?"

Papa naye alimgeukia, anatabasamu, lakini nilimwona ameshikilia kikombe bila kunywa.

"Hata kidogo," Mama alisema, akamwongezea Papa chai.